Ufundi wa Kusikiliza: Muuguzi wa Afya ya Akili na Tiba ya Mazungumzo katika Nyanda za Juu Kusini

Muuguzi wa afya ya akili katika mikoa ya Mbeya na Iringa hubeba peke yake kazi ambayo vitabu alivyosomea huigawa kati ya watu watatu au wanne: daktari bingwa wa magonjwa ya akili, mwanasaikolojia tiba, ofisa ustawi wa jamii na muuguzi mwenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.3 mkoani Mbeya na karibu milioni 1.2 mkoani Iringa, na nje ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya na hospitali chache za serikali na za mashirika ya dini, mtu wa kwanza kukutana na mgonjwa wa sonona, wa saikosisi au wa kifafa, na mara nyingi wa mwisho, ni muuguzi. Kwa sababu hiyo namna muuguzi huyo anavyojifunza tiba ya kisaikolojia, yaani tiba inayotumia mazungumzo yaliyopangwa kwa utaratibu na kwa lengo ili kubadili fikra, hisia, mwenendo au mahusiano yanayomtesa mtu, ni suala linalogusa moja kwa moja kile mgonjwa anachopata anaposafiri kutoka kijijini kuja kliniki. Safu hii inashikilia kwamba nadharia za tiba hiyo zimekwisha kufundishwa vya kutosha. Kinachokosekana ni usimamizi wa mtu aliyebobea, anayemwona mwanafunzi akifanya kazi na kumrekebisha, na pengo hilo linaonekana wazi zaidi katika mikoa hii kwa sababu wauguzi wake wamekwisha kurithi namna nyingine ya kuzungumza na wagonjwa, yenye nguvu zake na kasoro zake.

Historia ya uuguzi wa akili nchini inaeleza kwa nini mazungumzo yalibaki nyuma. Kituo cha Lutindi katika milima ya Usambara kilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, kisha kikaanza kupokea wagonjwa wa akili mwanzoni mwa karne ya 20. Hospitali ya Mirembe mjini Dodoma ilijengwa mwaka 1927 chini ya utawala wa Kiingereza, na pamoja na taasisi ya Isanga inayowatunza wagonjwa walioingia mikononi mwa sheria, ikawa ndiyo sura ya tiba ya akili kwa nchi nzima. Katika mazingira hayo muuguzi alikuwa kwanza mlinzi, mwenye funguo na mwenye jukumu la kuhakikisha kwamba mgonjwa hatoroki na hamuumizi mwenzake. Baada ya uhuru serikali ilijaribu njia nyingine, vikiwemo vijiji vya ukarabati vilivyowapa wagonjwa kazi za kilimo, kama kile cha Vikuruti, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 mradi uliosaidiwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Denmark ulianza katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro kuingiza huduma za akili ndani ya afya ya msingi. Mpango huo ulipoenea, muuguzi wa akili alitoka nyuma ya ukuta wa Mirembe na kupelekwa mikoani na wilayani, lakini alichopewa mkononi kilikuwa dawa: klopromazini, haloperidoli, fenobabito kwa wenye kifafa, na sindano ya flufenazini inayochomwa mara moja kwa mwezi. Dawa hizo zimewarudisha watu wengi nyumbani na mashambani, na hakuna sababu ya kuzibeza. Hata hivyo zilijenga kliniki ambayo mgonjwa huitwa jina, huulizwa kama analala na kama anakula, huchomwa sindano, hupewa tarehe ya kurudi, na huondoka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Wakati huohuo, nje ya Tanzania, uuguzi ulikuwa ukijenga hoja tofauti kuhusu asili yake. Hildegard Peplau, muuguzi wa Kimarekani, alichapisha mwaka 1952 kitabu kilichouelezea uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa kuwa wenyewe ni chombo cha tiba, wenye hatua za kufahamiana, kufanya kazi pamoja na kuagana, ambazo muuguzi anapaswa kuzijua kama anavyojua hatua za kuosha kidonda. Miaka mitano baadaye mwanasaikolojia Carl Rogers alitaja masharti ambayo kwa maoni yake yanatosha kumbadilisha mtu: mtibabu aweze kuingia katika hisia za mwenzake bila kuzama ndani yake, awe mkweli, na amthamini mgonjwa bila kumwekea masharti. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Isaac Marks, daktari wa hospitali ya Maudsley mjini London, aliwafundisha wauguzi wachache tiba ya tabia kwa watu wenye hofu zilizopita kiasi, na matokeo yao hayakuwa duni kuliko ya madaktari na wanasaikolojia. Swali la kama muuguzi anaweza kutoa tiba ya kisaikolojia, kwa maneno mengine, lilijibiwa zaidi ya nusu karne iliyopita.

Utafiti wa Afrika umelisogeza swali hilo mbali zaidi. Katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watu wa kawaida waliofundishwa kwa wiki mbili waliongoza vikundi vya tiba ya mahusiano, ambayo huitazama sonona kupitia mambo manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya nafasi ya mtu katika maisha, na upweke. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba baada ya wiki 16 ni asilimia 6.5 tu ya waliohudhuria waliobaki na dalili kamili za sonona, ilhali miongoni mwa wasiohudhuria walikuwa asilimia 54.7. Nchini Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha wahudumu wa afya wa mitaa ya Harare, wengi wao wakiwa bibi wenye umri mkubwa, kutoa tiba ya utatuzi wa matatizo wakiwa wameketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio la zahanati 24 lililochapishwa mwaka 2016 nalo lilipata tofauti kubwa. Mtu akisoma takwimu hizi haraka anaweza kudhani kwamba wiki mbili za mafunzo zinatosha. Akisoma sehemu inayoeleza jinsi kazi ilivyofanyika, atakuta kwamba viongozi wale wa vikundi hawakuachwa peke yao baada ya mafunzo, bali kila kazi yao iliendelea kupitiwa na mtu aliyebobea. Sehemu hiyo ndiyo hupotea kwanza matokeo ya utafiti yanapogeuzwa kuwa mradi.

Urithi wa wauguzi wa Nyanda za Juu Kusini ni wa aina nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 4.4 kwa Tanzania, lakini asilimia 9.6 Mbeya, asilimia 11.1 Iringa na asilimia 12.7 Njombe, mkoa uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Kwa zaidi ya miaka 20 barabara kuu iendayo Zambia, mashamba ya chai ya Mufindi, miji ya Makambako na Tunduma na makambi ya vibarua vimekuwa eneo la kazi kubwa ya ushauri nasaha: kabla ya kupima, baada ya kupima, kuhusu kumeza dawa, kuhusu kumwambia mwenzi. Vikundi vya huduma za majumbani kama KIHUMBE mjini Mbeya vilianza tangu mwanzo wa miaka ya 1990, na kituo cha Baylor cha watoto na vijana wanaoishi na VVU kilifunguliwa mjini humo mwaka 2011. Muuguzi wa mikoa hii, kuliko mwenzake wa mahali pengi nchini, amekwisha kuzoea kukaa na mtu anayelia, kufunga mlango, kutunza siri, na kutamka habari mbaya kwa sauti ya utulivu. Huo ni mtaji ambao vyuo vingi vya nje vingeuonea wivu.

Kasoro yake ni kwamba ushauri nasaha wa VVU ulijengwa kwa ajili ya kufikisha ujumbe, na mazungumzo ya aina hiyo humfundisha muuguzi kuzungumza zaidi ya mgonjwa. Tuseme mama wa makamo kutoka Kilolo, anayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo, ile ambayo watu wote huiita CTC, anamwambia muuguzi: "Mwanangu, silali. Nikijilaza mawazo yanakuja tu." Muuguzi aliyelelewa katika ushauri nasaha hujibu bila kusita: "Usiwaze sana mama, mwachie Mungu, kunywa dawa zako kwa wakati na ule mlo kamili." Kila neno hapo ni la upole, na kila neno linafunga mlango. Aliyejifunza tiba ya mazungumzo husema: "Pole mama. Yakija hayo mawazo usiku, huwa yanaanzia wapi?" Kisha hunyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu kuliko yote, kwa kuwa foleni iko nje na mkono umezoea kuandika. Mama akishaeleza, muuguzi humrudishia kwa ufupi alichosikia: "Kwa hiyo tangu baba afariki, usiku ndio mgumu zaidi, kwa sababu ndio saa mliyokuwa mkizungumza. Au nimekosea?" Swali hilo la mwisho si adabu tupu; linampa mgonjwa haki ya kumsahihisha mtibabu, na mgonjwa anayemsahihisha mtibabu wake ameanza tayari kufanya kazi yake ndani ya tiba.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani haviligusi, nalo ni umri. Muuguzi mwenye miaka 25, aliyetoka chuoni juzi, hawezi bila kuvunja adabu kumpa ushauri mwanamke aliyezaa watoto sita na kuzika wawili, kwa sababu katika jamii zote za Nyanda za Juu Kusini, na si hizo peke yake, ushauri hushuka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mama yule ataitikia kwa heshima, atachukua dawa zake, na hatarudi na jambo lile tena. Kijana, hata hivyo, anaruhusiwa kuuliza, na hata anatarajiwa kuuliza. Anayesema "Shikamoo mama, naomba unieleze nielewe" anakaa mahali pake panapofaa, na mkubwa anayemweleza hapungukiwi na kitu. Tiba ya kisaikolojia, ambayo wengi huiona kuwa ya kigeni mno kwa mazingira haya, inaafikiana na adabu ya Kiswahili kuliko ushauri nasaha ulivyowahi kuafikiana nayo, kwa sababu inamweka mtibabu katika nafasi ya anayeuliza. Muuguzi mgeni anayejifunza kuamkia "kamwene" kwa Wahehe na Wabena, na kusema "ndaga" kwa Wanyakyusa, amekwisha kuanza kazi hiyo kabla ya kufungua jalada. Na anayeisikiliza salamu yenyewe hadi mwisho atagundua kwamba jibu la "nzuri" ni desturi, na kwamba ugonjwa huja baada ya "ila".

Maudhui ya tiba nayo hubadilika yanapofika shambani. Moja ya mbinu zilizothibitishwa kuwa na nguvu dhidi ya sonona ni kuamsha shughuli: mgonjwa aliyejitenga hupangiwa hatua ndogondogo za kurudi katika mambo yaliyokuwa yakimpa furaha au heshima, bila kungoja hamu irudi kwanza, kwa kuwa hamu huja baada ya kutenda. Vitabu vingi hutoa mfano wa kutembea bustanini au kumpigia rafiki simu. Kwa mkulima wa viazi wa Uporoto, wa mpunga wa Mbarali au wa kakao wa Kyela, orodha hiyo ni ya ajabu. Kwake hatua ya kwanza inaweza kuwa kupalilia mistari miwili asubuhi, ya pili kuhudhuria kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa ambacho amekikwepa kwa aibu ya deni la mbolea, na muuguzi asiyejua kwamba mwezi huo hakuna kazi ya shamba atapanga kitu kisichowezekana. Tiba ya utatuzi wa matatizo, iliyotumika Harare na ambayo pia imejaribiwa Dar es Salaam katika vikundi vya wajawazito wanaoishi na VVU, humtaka mgonjwa ataje matatizo yake yote, achague moja, aligawe hadi lifike kimo cha kushughulikiwa, atafute njia kadhaa, ajaribu mojawapo na arudi kueleza kilichotokea. Inaonekana rahisi hadi pale muuguzi anapolazimika kujizuia asimchagulie mgonjwa tatizo.

Pombe inadai ufundi wake. Iringa ina ulanzi, unaogemwa kutoka kwenye mianzi wakati wa mvua na kuuzwa kwa bei ambayo kila mtu anaimudu, na mikoa yote miwili ina komoni, pombe ya nafaka, pamoja na gongo ambayo haina msimu. Karipio la muuguzi kwa mnywaji limejaribiwa miaka mingi na linajulikana linakoishia. Mahojiano ya kuhamasisha, yaliyoelezwa kwanza na mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983, huanzia kwenye dhana kwamba mnywaji tayari ana sababu za kuacha na sababu za kuendelea, zote mbili zikigombana ndani yake, na kwamba kila mtibabu anapoutetea upande wa kuacha, mgonjwa hulazimika kuutetea upande wa kuendelea. Kazi ya mtibabu ni kuuliza kwa namna itakayomfanya mgonjwa mwenyewe aziseme sababu zake za kubadilika. Mfano ulio karibu zaidi na muuguzi wa Mbeya uko Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako mpango uitwao Punguza Pombe Kwa Afya Yako uliwafundisha wauguzi kuzungumza kwa muda mfupi na majeruhi wanaotumia pombe kwa kiwango cha hatari, wakiomba kwanza ruhusa ya kuligusa jambo hilo, wakimrudishia mgonjwa taarifa za unywaji wake, wakiitafuta hamasa yake na kukubaliana naye hatua. Umuhimu wa mpango huo kwa mjadala huu ni kwamba uliandaliwa upya kwa Kiswahili na kwa mazingira ya hapa, na kwamba walioutekeleza walikuwa wauguzi wakiwa kazini, ndani ya hospitali yenye msongamano ileile inayotajwa kila mara kuwa sababu ya kutowezekana.

Suala la kujiua halina budi kutajwa peke yake, kwa kuwa hapo ndipo hofu ya muuguzi huizidi ile ya mgonjwa. Wengi huepuka kuuliza, wakiamini kwamba kutamka jambo hilo ni kulipanda kichwani mwa mtu, ingawa utafiti hauungi mkono imani hiyo. Juu ya hofu hiyo kuna sheria: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania imekuwa ikihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, tofauti na Kenya, ambako Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinapingana na katiba. Familia inayoogopa polisi husema kwamba kijana alikunywa dawa ya mahindi kwa bahati mbaya, na muuguzi huandika hivyo. Ufundi hapa ni wa kuuliza kwa ngazi, kuanzia "kuna wakati unaona ni heri usingekuwepo?" hadi "umewahi kufikiria kujiua?" na kama kuna njia iliyokwisha kuandaliwa, kisha kukubaliana na ndugu kuhusu kuondoa sumu ya shambani nyumbani na kuhusu nani atakaa na mgonjwa usiku. Muuguzi hawezi kujifunza kuyatamka maneno hayo kwa kuyasoma. Lazima ayatamke mara kadhaa mbele ya mwenzake, sauti itetemeke, ayarudie.

Mgonjwa anapokuja akisema kwamba amerogwa, mafunzo ya kawaida humwacha muuguzi na njia mbili, kubisha au kukubali, na zote ni mbaya. Mkoa wa Iringa una kumbukumbu ya kitaalamu inayostahili kusomwa katika vyuo vyake. Mwanaanthropolojia Robert Edgerton, aliyefanya utafiti mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa Wahehe, Wakamba, Wapokoti na Wasebei, aliandika mwaka 1966 kwamba watu wa jamii hizo nne walizieleza dalili za wazimu kwa namna inayokaribiana sana, ila walitofautiana kuhusu chanzo na kuhusu matumaini: Wahehe na Wakamba, waliouhusisha ugonjwa na uchawi, walikuwa na imani zaidi kwamba mgonjwa anaweza kupona. Mwaka 1971 alichapisha makala nyingine kuhusu mganga mmoja wa Kihehe aliyetibu wagonjwa wa akili, na akamwelezea kama mtaalamu anayechunguza na kutafuta dawa kwa bidii, wala si kama kioja. Kusini zaidi, Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa wa Rungwe katika miaka ya 1930, waliandika jinsi mazishi yalivyowapa wanawake nafasi ya kuomboleza na wanaume nafasi ya kucheza ngoma ya vita, hadi jamii nzima ikaivuka hofu ya kifo kwa hatua zinazojulikana. Muuguzi hatakiwi kuwa mganga wala mchezaji wa ngoma. Anachohitaji ni maswali kama yale aliyopendekeza daktari na mwanaanthropolojia Arthur Kleinman: mgonjwa anaita nini tatizo lake, anadhani lilianzaje, linamfanya nini, anaogopa nini zaidi, na anatarajia tiba gani. Kwa maswali hayo mtu aliyerogwa anaweza kumeza haloperidoli bila kulazimishwa kuikana imani yake, na muuguzi hubaki na uwezo wa kusimama imara pale imani inapogeuka kamba, minyororo au njaa.

Yote hayo yanarudi kwenye namna ya kujifunza. Somo la uuguzi wa afya ya akili limo katika mtaala wa stashahada, na mwanafunzi wa Mbeya au wa Ilula anaweza kuorodhesha mtihanini masharti ya Rogers na hatua za Peplau bila kukosea. Baada ya chuo huja semina: siku tatu hadi tano katika ukumbi wa hoteli, picha kwenye ukuta, posho na cheti. Hakuna anayekubali kwamba mkunga afuzu kwa njia hiyo. Mwanafunzi wa ukunga huzalisha mbele ya mkunga mzoefu, kila uzazi ukaandikwa na kusainiwa katika kitabu chake, na asiyefikisha idadi hafuzu. Tiba ya mazungumzo inastahili kitabu cha namna hiyo, na zana za kukijaza zipo. Chombo kiitwacho ENACT, kilichotengenezwa Nepal na Brandon Kohrt pamoja na wenzake na baadaye kuingizwa katika mfumo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kupima umahiri, humweka mwanafunzi katika igizo dhima na mtu anayejifanya mgonjwa, kisha humpima kipengele kwa kipengele: alieleza usiri, alisikiliza bila kukatiza, aliuliza kuhusu kujiua, au alifanya jambo la kudhuru kama kumlaumu na kumcheka. Igizo hilo huonyesha kwa dakika 15 kile ambacho mtihani wa maandishi hauoni.

Mfano kamili wa usimamizi unapatikana pia Moshi, pamoja na Bungoma nchini Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliohusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi na kubaki na majeraha ya kihisia. Washauri wasio na taaluma ya saikolojia walitoa tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba inayoonyesha jinsi fikra, hisia na matendo yanavyovutana, katika vikundi vya watoto na walezi wao. Kila wiki walikutana na wasimamizi wa hapohapo kueleza kilichotokea kikundini na kujiandaa kwa kikao kinachofuata, na wasimamizi hao nao walizungumza mara kwa mara na wakufunzi wa nje. Matokeo hayakuwa sawa katika kila eneo, jambo ambalo linaupa utafiti huo uzito zaidi kuliko hadithi za mafanikio matupu. Kinachopaswa kuigwa ni ngazi zake: mwanafunzi, msimamizi wa karibu, msimamizi wa mbali.

Nyanda za Juu Kusini zina vipande vyote vya ngazi hiyo, vikiwa vimetawanyika. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina kitengo cha afya ya akili, na ndaki ya sayansi za afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko mjini humohumo. Chuo Kikuu cha Iringa kimekuwa kikifundisha saikolojia ya ushauri kwa miaka mingi, na wahitimu wake hutafuta mahali pa mazoezi. Hospitali za Ilula, Tosamaganga na Chimala zina wauguzi waliozoea wagonjwa wa muda mrefu. Tatizo ni kwamba saikolojia ya ushauri na uuguzi hukua chini ya wizara na mabaraza tofauti, na mwanasaikolojia wa Iringa anaweza kumaliza shahada bila kumwona mgonjwa wa saikosisi, huku muuguzi wa kilomita chache kutoka hapo akimaliza miaka kumi bila kusikia mtu akimwambia jinsi alivyouliza swali lake. Usimamizi shirikishi, ule ambao timu za afya za mkoa na halmashauri huufanya kwa kupita vituoni na orodha ya ukaguzi, huangalia stoo ya dawa na vitabu vya takwimu za afya viitwavyo MTUHA, na vitabu hivyo vina safu ya utambuzi wa ugonjwa na ya dawa, vikikosa safu ya mazungumzo.

Kikwazo kizito zaidi ni cha kiutawala. Muuguzi aliyesomea afya ya akili hupangiwa zamu kama wauguzi wengine, na baada ya mwaka mmoja anaweza kujikuta wodi ya upasuaji au ya wazazi, ujuzi wake ukikauka na wagonjwa wake wakianza upya na mtu mwingine. Kwa sindano ya mwezi mabadiliko hayo hayana madhara makubwa, kwa kuwa dawa ni ileile mkononi mwa yeyote. Kwa tiba ambayo uhusiano ndio dawa, kumhamisha muuguzi katikati ya vikao ni kuisitisha dozi. Mganga mfawidhi anaweza kulitatua hilo bila fedha mpya, kwa kumwacha muuguzi mmoja wa akili asizungushwe kwa miaka miwili na kumtengea chumba chenye mlango kwa nusu siku mbili za wiki. Kupata wasimamizi ni kugumu zaidi, kwa sababu walio na uwezo huo ni wachache na wengi wao wako Dar es Salaam na Dodoma, ingawa simu inayotosha kusikiliza kikao kilichorekodiwa kwa ridhaa ya mgonjwa ipo sasa katika mfuko wa karibu kila muuguzi. Kinachosubiri uamuzi ni nani atakayeruhusiwa kusaini kitabu cha mazoezi cha mwanafunzi: mwanasaikolojia asiye muuguzi, muuguzi mkuu asiye mtibabu, au daktari bingwa ambaye hana nafasi. Baraza la Uuguzi na Ukunga litalazimika kulijibu swali hilo kabla ya chuo chochote cha Mbeya au Iringa kuweza kuanza.